Wasio na Kiti: Banissa na mazungumzo ya tabianchi

Banissa iko pembe ya magharibi ya Kaunti ya Mandera, mkabala na Ethiopia. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 250 hivi, tena ikija vizuri, nayo huja mara mbili: gu kati ya Machi na Mei, deyr kati ya Oktoba na Desemba. Mto wa karibu ni Daua, unaopita mpakani huko Malkamari. Kwingine kote watu na mifugo hutegemea visima, mabwawa ya kuchimbwa na, kiangazi kikizidi, malori ya maji ya serikali au ya mashirika ya misaada.

Mashirika hayo yana kazi nyingine ambayo Banissa haiioni. Kila mwaka wenzao, au wakubwa wao, huenda Bonn, Copenhagen au Dubai kusukuma maneno yaingie katika mikataba ya tabianchi. Huko huitwa waangalizi. Hawana kiti cha nchi wala hawawezi kuzuia uamuzi. Lakini hata serikali zenyewe hazipigi kura: kanuni ya upigaji kura haijawahi kukubaliwa tangu mkutano wa kwanza wa 1995, kwa hiyo kila sentensi hupita kwa maafikiano. Inapofika saa nane usiku, wajumbe wachache wa nchi maskini wamekabiliana na safu ya mawakili wa nchi tajiri, aliye na sentensi tayari mfukoni husikilizwa hata kama hana kiti. Historia ya mashirika haya kwa sehemu kubwa ni historia ya sentensi hizo, na ya miaka mingi iliyopita kabla ya Mandera kutoa yake.

Wilaya iliyofungwa, 1902–1991

Kuchelewa huko kulikuwa na sababu. Wakoloni Waingereza waliifunga kaskazini kwa sheria ya 1902, wakaongeza nyingine mwaka 1934, na eneo lote lililoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini likawa mahali pa kuingia kwa kibali. Uhuru haukulifungua. Vita vya Shifta, uasi wa kutaka kujitenga wa kuanzia 1963 hadi 1967, viliacha nyuma yake sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa hadi 1991. Waraka wa Serikali Na. 10 wa 1965 nao uliamua kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza penye mvua na udongo mzuri. Ukiwa Banissa, waraka huo ulimaanisha miaka mingine ya kungoja barabara.

Kwa hiyo katika miongo ambayo vikundi vya raia kwingineko duniani vilijifunza kuandika barua kwa mawaziri, kuajiri wanasheria na kujaza kumbi za Umoja wa Mataifa, kaskazini mashariki raia alijifunza kukaa kimya. Mwaka 1984 ukame ulimaliza mifugo sehemu nyingi za nchi. Februari ya mwaka huohuo yalitokea mauaji ya raia mikononi mwa vikosi vya usalama huko Wagalla, Wajir. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuunda chama cha kutetea malisho.

Mwaka 1991 mambo mawili yalikutana. Sheria ya hatari ilifutwa, na dola ya Somalia ikaanguka. Wakimbizi walimiminika Mandera, Elwak na Liboi. Banissa yenyewe ikawa na kambi. Nyuma ya wakimbizi wakaja watu wa misaada na magari yenye bendera. Vijana wa Mandera waliosoma walipata kazi kama wakalimani, makarani wa ghala na wasimamizi wa visima. Wengi wa waliokuja kuendesha mashirika ya wenyeji walianzia hapo, na nadhani hilo linaeleza mengi yaliyofuata: asasi za kiraia za Mandera zilizaliwa katika ugawaji wa chakula, wakati zile za Nairobi zilizaliwa katika mazingira na siasa.

Nairobi yapata wageni, 1972–1990

Nairobi ilikuwa na bahati yake. Baada ya mkutano wa Stockholm wa 1972, shirika jipya la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilipewa makao Kenya, la kwanza la aina yake kuwekwa katika nchi inayoendelea. Mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyotaka kuwa karibu nalo yakaanzisha ofisi ya pamoja mjini, Environment Liaison Centre. Miongoni mwa walioketi katika bodi yake ni Wangari Maathai, ambaye Juni 1977 alipanda miti ya kwanza ya kile kilichokuja kuitwa Green Belt Movement. Agosti na Septemba ya mwaka huo Nairobi iliandaa mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuenea kwa jangwa. Mpango wa utekelezaji ulipitishwa, fedha hazikupatikana.

Tabianchi iliingia baadaye kidogo. Jopo la wanasayansi, IPCC, liliundwa mwaka 1988. Mwaka uliofuata vikundi vya Ulaya na Marekani viliunda Climate Action Network (CAN), mtandao ambao leo una wanachama zaidi ya 1,900. Mwaka huohuo wa 1989 kampuni za mafuta, makaa ya mawe na magari ziliunda wao, Global Climate Coalition. Jambo hili husahaulika mara nyingi. Tunaposema mashirika yasiyo ya kiserikali huwaza mtu mwenye bango, ilhali kanuni za Umoja wa Mataifa zinamhesabu humo pia wakili wa chama cha wazalishaji wa makaa.

Afrika haikungoja kualikwa. Kati ya tarehe 2 na 4 Mei 1990, kituo cha utafiti cha ACTS, kilichoanzishwa Nairobi na Calestous Juma, kiliandaa pamoja na kituo cha Woods Hole cha Marekani mkutano juu ya ongezeko la joto kwa mtazamo wa Afrika. Ukatoka na Azimio la Nairobi kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, miaka miwili kabla ya mkutano wa dunia wa mazingira wa Rio. Muda si mrefu Climate Network Africa, chini ya Grace Akumu, ikaanza kuwatumia wajumbe wa Afrika taarifa za mazungumzo ambazo wizara zao hazikuwa na watu wa kuzifuatilia.

Rio hadi Kyoto, 1991–1997

Mwaka 1991, mazungumzo ya mkataba yakiwa yameanza, Vanuatu iliwasilisha kwa niaba ya visiwa vidogo pendekezo la kushangaza: nchi zilizochafua anga zichangie mfuko wa bima, na mfuko huo uwalipe wale ambao bahari ingewameza. Nyuma ya visiwa hivyo walikuwako wanasheria wa FIELD, shirika la London lililowashauri na hata kuketi nao ndani ya ujumbe. Pendekezo lilitupwa. Mkataba uliokubaliwa mwaka 1992 ulizungumza juu ya kupunguza gesi na kuzoea mabadiliko. Juu ya kulipa kilichokwisha kuharibika haukusema kitu. Uliacha mlango mmoja, Kifungu cha 7, kinachoruhusu shirika lolote lenye ujuzi wa mambo hayo kuingia kama mwangalizi, ila theluthi ya nchi wanachama ikikataa.

Kupitia mlango huo waliingia wa kila namna. Mkutano wa kwanza, Berlin 1995, ulikaribia kuvunjika hadi kundi la nchi zinazoendelea, India mbele na wanamtandao wa CAN wakiwapelekea rasimu, lilipokubali kwamba nchi tajiri zianze kupunguza peke yao kwanza. Upande wa pili Don Pearlman, wakili wa Washington aliyewakilisha maslahi ya nishati, alionekana mara kwa mara akiwapa wajumbe wa Saudi Arabia na Kuwait vipingamizi vya kusoma. Ikabidi waangalizi wazuiwe kuingia uwanja wa wajumbe mazungumzo yakiendelea. Sheria hiyo ilimlenga Pearlman, ikawabana wote.

Mkutano wa Kyoto, Desemba 1997, ulitoa malengo ya kupunguza gesi kwa nchi tajiri. Kwa Banissa mwaka huo una maana nyingine. Mvua za El Niño zilianza Oktoba zikaendelea hadi mwaka uliofuata, barabara zikakatika, na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo kaskazini mashariki yote. Katika vyumba vya Kyoto hakuna aliyelitaja hilo, wala hakuna shirika la Mandera lililokuwapo kulitaja.

Mkataba mwingine, chumba kingine

Kulikuwa na meza ambayo nchi kame zingesikika zaidi. Huko Rio, serikali za Afrika zilishikilia kwamba bila mkataba wa jangwa hazitaridhika na mingine, na kikao cha kwanza cha kuuandika kilifanyika Nairobi Mei 1993. Katika mazungumzo hayo mashirika yalikaribishwa kwa mikono miwili: yalisema mapema, siyo mwisho wa siku wajumbe wakiwa wamekwenda kula, na mkataba uliokubaliwa Juni 1994 ukazitaka serikali kwa maneno wazi zishirikishe jamii za wenyeji. Baadaye mikutano yake ikatenga vipindi vizima vya mazungumzo na mashirika. Watafiti Michele Betsill na Elisabeth Corell, katika kitabu chao cha 2008, walilinganisha mazungumzo kadhaa wakaona ushawishi wa mashirika ulikuwa mkubwa katika mkataba wa jangwa kuliko Kyoto.

Sababu, kwa maoni yangu, si ya kuwapa heshima kubwa wale waliowakaribisha. Mkataba wa jangwa haukuwa na fedha wala haukumgusa mwenye kisima cha mafuta. Kumkaribisha mtu mezani ni rahisi kama sahani ni tupu.

Novemba 2006

Ukame wa 2005 na 2006 uliipiga Mandera vibaya kuliko wilaya nyingi za Kenya. Gu ilikosa, deyr ikakosa, mizoga ikajaa kando ya barabara ya Elwak. Miezi michache baadaye, tarehe 6 Novemba 2006, mkutano wa 12 wa tabianchi ulifunguliwa Gigiri, Nairobi, Profesa Kivutha Kibwana, waziri wa mazingira, akiwa rais wake. Ulikuwa wa kwanza kufanyika Afrika kusini ya Sahara, na watu karibu 6,000 walihudhuria.

Kwa mara ya kwanza Mandera ilikuwamo kwenye mafaili. Christian Aid la Uingereza lilikuwa limemtuma mtaalamu wa mifugo azunguke wilaya hiyo, na ripoti yake ikatolewa wakati wa mkutano. Ilisema ukame katika eneo hilo umeongezeka mara nne katika miaka 25, theluthi ya wafugaji wameuacha ufugaji, na kati ya waliobaki familia 6 katika kila 10 zinahitaji msaada ili kurudisha mifugo yao. Magazeti ya London yaliandika kwamba waliouacha ni watu nusu milioni. Hesabu hiyo haiwezi kuingia katika wilaya ambayo sensa ya 1999 iliikuta na watu 250,000 hivi. Lazima ilihusu eneo pana zaidi, au kuna aliyeongeza chumvi. Lakini habari ilikuwa imeshafika. Wafugaji wa Mandera walitajwa kama kundi ambalo huenda likawa la kwanza kuondolewa na tabianchi katika namna yao ya kuishi.

Aliyewaeleza waandishi mambo hayo alikuwa Mohamed Adow, kijana wa familia ya wafugaji wa kaskazini, wakati huo akiwa Northern Aid, shirika la Waislamu lenye makao Mandera lililokuwa likifanya kazi na Christian Aid. Ushirika wa msikiti na kanisa ndio uliomtoa kwenye ugawaji wa maji hadi kwenye mazungumzo ya dunia. Jina lake litarudi.

Mwingine aliyekumbukwa ni Sharon Looremeta, Mmaasai wa shirika la Practical Action, aliyewaambia wajumbe usoni kwamba ni watalii wa tabianchi: wamekuja kuwaangalia maskini wakiteseka, kisha watapanda ndege warudi kwao. Maneno yake yalisambaa kuliko azimio lolote. Kofi Annan naye alilalamikia ukosefu wa uongozi.

Maazimio yenyewe yalikuwa ya kiasi: mpango wa kazi kuhusu athari na kuzoea, na misingi ya Mfuko wa Kukabiliana na Mabadiliko. Mfuko huo ulikuwa na jambo jipya ambalo nchi maskini na mashirika waliling'ang'ania, nchi kuchota fedha moja kwa moja bila kupitia benki kubwa. Miaka kadhaa baadaye mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilipata kwa njia hiyo karibu dola milioni 10.

Wakati Gigiri wanajadili ukame, kaskazini mashariki ilikuwa imezama. Mvua za deyr za 2006 zilifurika Garissa na kambi za Dadaab, maelfu wakahama, na kufikia Desemba homa ya Bonde la Ufa ilikuwa imerudi, kuanzia Garissa. Ilikuja kuua zaidi ya watu 100 nchini. Kutoka Gigiri hadi Garissa si hata siku moja kwa gari.

Afrika yaunda jeshi lake, 2008–2011

Nairobi iliacha funzo moja: ripoti iliyoandikwa na mgeni humletea mgeni sifa. Mwaka 2008, Johannesburg, mashirika ya Afrika yaliunda Pan African Climate Justice Alliance, PACJA, na kuweka makao Nairobi. Mithika Mwenda, Mkenya, akawa sauti yake. Halikutaka kuwa tawi la CAN. Lilisema neno ambalo mashirika makubwa ya Ulaya yaliliogopa, yaani deni: kwamba waliochafua wanadaiwa, na kinachotolewa si sadaka.

Neno hilo lilijaribiwa Copenhagen, Desemba 2009. Katika ukumbi unaobeba watu 15,000 walijiandikisha zaidi ya 40,000, na juma la mwisho karibu waangalizi wote walifungiwa nje kwenye baridi. Kabla ya hapo Waafrika walikuwa wamepita korido wakiimba kwamba nyuzi mbili za joto kwa Afrika ni kujiua. Lumumba Di-Aping wa Sudan, msemaji wa kundi la nchi zinazoendelea, G77, aliwaita wanaharakati wa Afrika na kuwasihi wapambane. Kisha Meles Zenawi wa Ethiopia, akizungumza kwa niaba ya viongozi wa bara, akatokea na Nicolas Sarkozy kukubali kiasi kidogo kuliko kile Afrika ilichokuwa ikidai. PACJA ilimshutumu hadharani. Shirika la Kiafrika kumkemea kiongozi wa Kiafrika kwa kuuza bara lake mbele ya dunia: hilo lilikuwa jipya, na wapo mabalozi wa Afrika ambao hawajalisahau.

Ahadi ya dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020 ilitoka katika vurugu hizo. Adow, ambaye sasa alikuwa Christian Aid akishughulikia tabianchi, alitumia miaka kumi iliyofuata kuidai. Ilitimia 2022, miaka miwili baada ya tarehe yake.

Nyumbani: sheria, bima na kamati za wadi

Vikundi vya Kenya havikusubiri Copenhagen nyingine. Muungano wa mashirika ulioitwa Kenya Climate Change Working Group uliandika rasimu ya sheria ya tabianchi, mbunge Wilber Ottichilo akaibeba bungeni, ikapita, na mapema 2013 Rais Kibaki akakataa kuitia saini kwa hoja kwamba umma haukushirikishwa. Kwa sheria iliyoandikwa na vikundi vya umma, hoja hiyo ina ucheshi wake. Rais Uhuru Kenyatta aliisaini nyingine Mei 2016.

Kilichokuwa na maana zaidi kwa kaskazini kilianza Isiolo. Baada ya ukame wa 2011 mashirika ya wenyeji, pamoja na watafiti wa taasisi ya IIED na fedha za Uingereza, yalijaribu mfuko ambao kamati ya wadi, siyo mhandisi wa Nairobi, huamua kama fedha ziende kwenye kisima, bwawa au kulinda malisho ya kiangazi. Jaribio lilienezwa Wajir, kupitia shirika la ALDEF, na Garissa, kupitia WomanKind Kenya, na kwingine. Wajir ilipitisha sheria yake mwaka 2016, Garissa 2018. Mfano huo ulipelekwa kwenye mikutano ya dunia ya tabianchi kama ushahidi kwamba fedha zinaweza kumfikia mfugaji bila kupotea njiani, na Oktoba 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kuueneza karibu nchi nzima. Hapo ndipo Mandera nayo ilipoingia, na wadi za Banissa, Derkhale, Guba, Malkamari na Kiliwehiri zikatakiwa kuwa na kamati.

Bima ya mifugo ilifuata njia nyingine. Watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI walianza Marsabit mwaka 2010, wakipima kwa setilaiti ukijani wa malisho na kulipa unaposhuka chini ya kiwango. Wafugaji wa kaskazini mashariki waliuliza swali la kwanza la Mwislamu: je, ni halali? Agosti 2013 Takaful Insurance of Africa ilileta Wajir mpango unaofuata sharia, ukalipa mara ya kwanza Machi 2014. Baadaye serikali ikawalipia ada wafugaji maskini, Mandera wakiwamo. Wazo la Vanuatu la 1991 lilikuwa limezaliwa upya kwa ngamia, ila kwa tofauti moja kubwa: aliyelipa ada hakuwa mchafuzi.

Hasara na uharibifu, 2013–2023

Wazo lenyewe halikufa. Novemba 2013, Warsaw, kimbunga Haiyan kikiwa kimetoka kuipiga Ufilipino, mamia ya wawakilishi wa mashirika walitoka ukumbini kwa pamoja, mara ya kwanza katika historia ya mikutano hiyo. Serikali zikaunda chombo cha kushughulikia hasara na uharibifu, bila fedha. Paris, 2015, hasara na uharibifu zikapewa kifungu chao, cha 8, na papo hapo uamuzi ulioambatana nacho ukasema kifungu hicho si msingi wa dai la fidia. Agosti ya mwaka huo wanazuoni na mashirika ya Kiislamu, Islamic Relief likiwamo, walikuwa wametoa tamko lao Istanbul. Banissa, ambako Islamic Relief linajulikana kwa visima na chakula, wachache walijua kwamba lina kazi nyingine.

Adow aliondoka Christian Aid akaongoza Power Shift Africa, shirika aliloanzisha Nairobi mwaka 2018. Glasgow, 2021, nchi zote zinazoendelea zilitaka chombo cha fedha za hasara, zikapewa mdahalo. Scotland, isiyo hata na kiti chake katika mkataba, ikaahidi pauni milioni 2, na mashirika yakaitumia kuwaaibisha wakubwa mwaka mzima.

Mwaka huo mzima mvua ilikosa. Kuanzia mwisho wa 2020 Pembe ya Afrika ilipoteza misimu mitano mfululizo, jambo ambalo wazee wa Mandera hawakuwahi kuliona. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Safari hii hakukuhitajika mgeni wa kuhesabu: mamlaka ya ukame, NDMA, ilitoa taarifa kila mwezi, na mashirika ya Mandera kama RACIDA yalikuwa na takwimu na picha zao. Sharm el-Sheikh, Novemba 2022, hasara na uharibifu ziliingia kwenye ajenda rasmi ya fedha kwa mara ya kwanza. Umoja wa Ulaya ulilegea siku za mwisho, Marekani ikabaki peke yake, na alfajiri ya tarehe 20 mfuko ukakubaliwa. Miaka 31 baada ya Vanuatu.

Aprili 2023 wanasayansi wa World Weather Attribution, Mkenya Joyce Kimutai akiwa miongoni mwa viongozi wao, walikadiria kwamba bila ongezeko la joto ukame ule ungekuwa na uwezekano mdogo mara 100 hivi. Kwa wanasheria wa mashirika hicho ndicho kiungo kilichokosekana mwaka 2006.

Si kila kitu kilikwenda upande mmoja. Septemba 2023, Rais William Ruto alipoandaa mkutano wa tabianchi wa Afrika katika jumba la KICC, mamia ya mashirika yalimwandikia kwamba ajenda imeshikwa na washauri wa kigeni na biashara ya hewa ya ukaa. Kaskazini walikuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi: Northern Rangelands Trust, nalo shirika lisilo la kiserikali, lilikuwa limeuza kaboni ya udongo wa malisho ya wafugaji wa Isiolo, Samburu na Marsabit, Survival International likilishutumu, na Januari 2025 mahakama iliamua kwamba hifadhi mbili zilizo chini yake ziliundwa kinyume cha sheria. Shirika dhidi ya shirika, mfugaji katikati.

Mfuko wa hasara na uharibifu ulifunguliwa Dubai siku ya kwanza ya mkutano wa tabianchi, tarehe 30 Novemba 2023, Benki ya Dunia ikiutunza kwa muda. Ahadi zilifika dola milioni 700 hivi, Marekani ikitoa milioni 17.5. Muungano wa wanaharakati ulihesabu watu 2,456 wenye uhusiano na mafuta, gesi na makaa ya mawe ndani ya mkutano huo. Na Mandera, kama mwaka 2006, mvua za deyr zilikuwa zimegeuka mafuriko. Elwak maji yalijaa mjini na barabara ya Wajir ikakatika.

Pande mbili za Daua

Baku, Novemba 2024, nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 300 kwa mwaka kufikia 2035. Afrika ilikuwa imetaka trilioni 1.3, na Adow alikuwa kati ya waliosema wazi kwamba wamedanganywa. Mwaka uliofuata, Belém, mfuko wa hasara na uharibifu uliita maombi ya kwanza: dola milioni 250 kwa jumla, kila mradi kati ya milioni 5 na 20.

Kanuni zake zinatenga angalau nusu ya fedha kwa visiwa vidogo na nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo. Mashirika yalipigania kipengele hicho kwa miaka, na kwa haki. Ethiopia imo katika orodha hiyo, Somalia pia. Kenya haimo, inahesabiwa nchi ya kipato cha kati. Ngamia anayekunywa Daua akiwa ng'ambo ya Malkamari yuko katika nusu iliyolindwa, akivuka kuja Banissa anaingia katika nusu ya kugombaniwa na wote, pamoja na nchi zenye wataalamu wa kuandika maombi kuliko walio katika Kaunti nzima ya Mandera.

Ombi lenyewe hupitia serikali kuu, na mradi mdogo kabisa unaokubaliwa, dola milioni 5, ni mkubwa mno kwa kamati ya wadi inayoshughulikia bwawa moja. Mashirika yanayohudhuria vikao vya bodi kama waangalizi yanadai lifunguliwe dirisha la ruzuku ndogo ambalo jamii zenyewe zitaliendea. Bodi imekubali kulizungumzia.